Barua ya Kustaafu Iko Mkobani, Barua ya Daraja Iko Wapi?

Mzee wa Masjala, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 58. Ninaishi Makorora hapa Tanga mjini na ninafundisha katika shule iliyo nje kidogo ya mji, ambako hufika kila asubuhi kwa daladala za njia ya Pongwe. Niliajiriwa na serikali Novemba 1997 na, Mungu akipenda, nitatimiza miaka 60 Novemba 2027. Nimeamua kukuandikia kwa sababu ndani ya mkoba wangu kuna barua ya kustaafu kwa hiari ambayo nimekwisha kuiandika na kuisaini, na kilichobaki ni kuiwasilisha tu. Mume wangu ananisihi nisiiwasilishe, na dada yangu ananiuliza kila jioni kama nimeiwasilisha. Mimi mwenyewe nimechoka kiasi kwamba sijui tena ni yupi kati yao anayenionea huruma.

Mwalimu mkuu wetu nilimfundisha hesabu alipokuwa darasa la nne. Sisemi hivyo kwa kujivuna, kwani kijana amesoma, ana shahada, na cheo alichopewa ni halali yake. Kinachoniuma ni namna anavyozungumza nami. Katika vikao vya walimu hutuita sisi watatu tulio na umri mkubwa "wastaafu watarajiwa", na vijana wakacheka. Mwaka huu amenipa darasa la kwanza lenye mikondo miwili iliyounganishwa, watoto wanaokaa hadi chini ya ubao, na nilipomwomba tugawane na mwalimu mwingine alinijibu mbele ya watoto kwamba asiyeweza kazi aipishe. Majukumu yangu ninayoyajaza katika PEPMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi, hukaa wiki nyingi bila kuidhinishwa, kisha ninaulizwa kwa nini utendaji wangu unaonekana mdogo.

Hayo ningeyavumilia, kwa kuwa nimewahi kufanya kazi chini ya wakuu wagumu kuliko yeye. Jambo lililonivunja moyo ni barua. Mwanzoni mwa mwaka 2016 nilipewa barua ya kupandishwa daraja kwenda TGTS F, yaani daraja F katika ngazi za mishahara ya walimu. Kabla mshahara haujabadilika, serikali ikasitisha upandishaji wa madaraja ili kufanya uhakiki wa watumishi, na sisi tuliokuwa na barua tukaambiwa tuzirudishe. Niliirudisha, nikabaki na kivuli, yaani nakala yake. Mwaka 2021 upandishaji uliporejea nilipewa daraja lile lile la F kana kwamba ni jipya, na hesabu ikaanza upya tangu hapo. Wenzangu niliokuwa nao ukurasa mmoja wa tange, ile orodha ya ukuu kazini, wamekwisha kupanda kwa mserereko, yaani kufidiwa muda waliocheleweshewa daraja, na wako daraja G. Mimi nilipouliza, nilielezwa kwamba katika jalada langu haionekani barua yoyote ya 2016, hivyo niandike maelezo na kuyapitisha kwa mwalimu mkuu. Nikaandika Machi mwaka jana na kumkabidhi mkononi. Mwezi Oktoba aliniagiza nichukue chaki ofisini kwake; nilipofungua droo nikaiona barua yangu iko chini ya mihtasari ya kamati ya shule, haijasainiwa wala haijatoka humo. Nilichukua chaki, nikarudi darasani, nikafundisha herufi "m" huku machozi yananitoka.

Nikakimbilia chama chetu cha walimu. Nimekatwa asilimia 2 ya mshahara kila mwezi kwa miaka yote hii bila kukosa hata mwezi mmoja. Mwakilishi wetu wa shuleni aliniambia nizungumze na mwalimu mkuu vizuri, kwa sababu "yule ni mtu wetu". Nilipofika ofisi ya wilaya nilikuta katibu amesafiri, nikarudi mara ya pili nikaambiwa yuko mkutanoni, na mara ya tatu nilipewa fulana ya Mei Mosi iliyobaki. Ninataka kujitoa, tena ninataka nirudishiwe fedha zangu. Je, inawezekana?

Halafu kuna hiki kikokotoo, kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu. Tulipoajiriwa tulijua kwamba mtu akistaafu hupewa nusu ya haki yake kwa mkupuo. Mwenzangu aliyestaafu 2021 alilipwa hivyo na amemaliza nyumba yake. Mimi nina boma kule Pongwe ambalo limefika kwenye renta tangu 2014, na magugu yameota vyumbani. Ninaogopa kwamba nikingoja hadi 2027 watabadilisha tena na nitaambulia kidogo kuliko hicho kidogo kilichopo. Ndiyo maana nikasema heri nichukue changu sasa.

Mwisho, kuna bwana mmoja aliyeletwa nyumbani na jirani, anayesema anafahamiana na watu wa ofisini na anaweza "kulitembeza jalada" hadi daraja langu lirekebishwe, kwa sharti kwamba nimpe laki tatu za kuanzia na asilimia 10 ya malimbikizo yatakapotoka. Ninaona aibu hata kuliandika jambo hili, lakini nimefika mahali ambapo ninalifikiria.

Nisaidie, mzee wangu. Niiwasilishe barua hii?

Mwalimu wa Makorora, Tanga

*

Marahaba, Mwalimu.

Usiiwasilishe. Nakupa jibu hilo mwanzoni kabisa ili kama una haraka ya kuwahi daladala usiondoke bila hilo; maelezo yake ni marefu, nawe utayasoma jioni ukishapumzika.

Nimekaa masjala na ofisi za utumishi kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na nimeona walimu wengi wakifika dirishani na barua kama hiyo yako. Wanaume huja wakiwa wamenyamaza, wanawake huja wakiwa wamekwisha kulia nyumbani, na wote husema kwamba wamechoka. Karibu kila nilipofungua jalada la mtu wa namna hiyo nilikuta kwamba aliyemchosha ni mtu mmoja, ilhali hasara ya kuondoka inamwangukia yeye na nyumba yake. Watu wa pwani tunasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Huyo mwalimu mkuu hatapungukiwa na senti hata moja utakapoondoka, tena huenda akatoa hotuba nzuri siku ya kukuaga.

Katika barua yako umefunga mzigo mmoja wenye mambo manne, na uzito wake ndio unaokulemea: dharau ya shuleni, daraja lililopotea, chama, na kikokotoo. Ukiyafungua utaona kwamba hayalingani. Daraja ndilo lenye fedha ndani yake, na ndilo jambo pekee ambalo muda wake unakwisha Novemba 2027. Kwa hiyo nitakaa hapo zaidi, nawe uniwie radhi.

Kwanza tuone pensheni yenyewe inavyohesabiwa, maana walimu wengi wanabishana juu ya asilimia ya mkupuo na hawatazami kinachozidishwa na asilimia hiyo. Kwa kanuni zilizoanza kutumika Julai 2022, huchukuliwa wastani wa mishahara bora ya miaka 3 ndani ya miaka 10 ya mwisho ya utumishi, ukawekwa katika kiwango cha mwaka, ukagawanywa kwa 580 na kuzidishwa kwa idadi ya miezi uliyotumikia. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake huzidishwa kwa 12.5 ili kupata mkupuo, na sehemu inayobaki hulipwa kila mwezi maisha yako yote. Mkupuo ulianza kwa asilimia 33, na katika bajeti ya mwaka wa fedha 2024/25 serikali ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao mifuko yao ya zamani ilikuwa ikilipa nusu, na walimu wa serikali wa rika lako wamo humo.

Sijui mshahara wako, basi nitatumia shilingi 1,160,000 kwa mwezi kwa sababu inagawanyika vizuri. Wewe utaweka yako. Kwa mwaka ni 13,920,000, na ukigawa kwa 580 unapata 24,000 kwa kila mwezi wa utumishi. Ukistaafu leo ukiwa na miezi 336, pensheni kamili ya mwaka ni 8,064,000, mkupuo ni 40,320,000, na pensheni ya kila mwezi ni 403,200. Ukifika 60 ukiwa na miezi 360, mkupuo ni 43,200,000 na pensheni ya mwezi ni 432,000. Utasema tofauti ya mkupuo ni ndogo, na ni kweli, lakini usisahau kwamba ndani ya hiyo miezi 24 utakuwa umelipwa mishahara ya jumla ya shilingi 27,840,000 kabla ya makato, badala ya pensheni ya jumla ya 9,676,800. Boma la Pongwe linajua tofauti hiyo.

Sasa weka daraja. Tuchukue, kwa mfano tu, kwamba daraja unalodai lingeufikisha mshahara huo kuwa 1,392,000. Kwa miezi ile ile 360, mkupuo unakuwa 51,840,000 na pensheni ya mwezi 518,400. Yaani daraja moja limekuongezea 8,640,000 mkononi na 86,400 kila mwezi hadi mwisho wa uhai wako. Ukistaafu leo kwa hasira, unastaafu na daraja hilo likiwa bado limepotea, na mstaafu anayefuatilia daraja ana mlango mwembamba kuliko mtumishi aliye kazini. Hilo nimelishuhudia mara nyingi mno. Angalia pia kwamba kinachotumika ni wastani wa miaka 3. Daraja likirekebishwa leo bila kurudishwa nyuma, miezi iliyobaki haitoshi kujaza miaka hiyo 3, na sehemu ya wastani wako itabaki ya mshahara wa zamani. Kwa sababu hiyo usiombe kupandishwa tu, bali omba utambuliwe kuanzia tarehe uliyostahili, na tarehe hiyo uiandike ndani ya barua yako kwa tarakimu.

Wapi ilipo barua ya 2016? Hapa nadhani watu wa ofisini wamekujibu kwa uvivu kuliko kwa ubaya. Mwanzoni mwa mwaka huo walimu walikuwa bado chini ya Idara ya Utumishi wa Walimu. Tume ya Utumishi wa Walimu, hii mnayoiita TSC, iliundwa kwa Sheria Na. 25 ya 2015 na ikaanza kazi Julai 2016, miezi michache baada ya wewe kupewa barua. Kila palipo na kukabidhiana ofisi hapakosi majalada yanayobaki kwenye kabati la zamani. Tena mwalimu ana majalada mawili, moja kwa mwajiri wake, ambaye ni mkurugenzi wa halmashauri, na jingine TSC wilayani. Umeambiwa kwamba barua haionekani katika jalada lako. Je, uliuliza ni jalada lipi? Nenda TSC wilayani, mwone Katibu Msaidizi, na umwombe kwa heshima akutazamie jalada la upande wao pamoja na tange za mwaka 2016. Jina lako likiwa kwenye orodha ya waliopandishwa, kivuli ulichobaki nacho kinapata mwenzake wa kusimama naye.

Kisha andika upya. Barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, ipitie kwa mwalimu mkuu kama utaratibu unavyotaka, nakala iende kwa Afisa Elimu Msingi, kwa Katibu Msaidizi wa TSC, na kwa katibu wa chama wa wilaya. Ambatanisha kivuli cha barua ya 2016, barua ya 2021, barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini na salari slipu mbili, moja ya karibuni na moja ya kabla ya 2021. Usiwataje wenzako kwa majina. Andika tu kwamba waliokuwa nawe katika tange hiyo wamekwisha kurekebishiwa kwa mserereko, ofisi itawatafuta yenyewe.

Siku ya kumpelekea mwalimu mkuu, chukua nakala mbili na daftari la dispachi la shule. Asaini daftari kwamba amepokea, au agonge muhuri wa shule kwenye nakala yako na kuandika tarehe. Mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba baada ya siku 7 utapeleka nakala nyingine moja kwa moja masjala ya halmashauri ukiwa umeandika juu yake kwamba ilikabidhiwa kwake tarehe fulani. Hutakuwa umemruka, kwa kuwa ulimpitia. Barua ya Machi ulimkabidhi mkononi, na mkono hauna muhuri. Akisema leo kwamba hukumpa, utabishana naye kwa lipi? (Masjala tulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akisema kuwa barua isiyogongwa ni salamu. Tulimcheka tukiwa vijana.)

Kuhusu huyo kijana wako wa darasa la nne, nakubali kwamba amekukosea adabu, na kukalia barua ya mtumishi ni kosa la kazi, si la tabia tu. Hata hivyo nakushauri usiyaweke malalamiko ya dharau ndani ya barua ya daraja. Ukichanganya, mkurugenzi atakuita kwenye kikao cha suluhu, mtapeana mikono, mtapigwa picha ya simu, na daraja litaachwa pale pale. Dharau iwe na barua yake fupi kwa Afisa Elimu Kata, yenye siku, mahali na maneno yaliyosemwa, na suala la mikondo miwili pamoja na majukumu ya PEPMIS yasiyoidhinishwa liwe humo. Tunza picha za mfumo zinazoonyesha tarehe uliyowasilisha jukumu na tarehe lilipoidhinishwa. Hayo ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu utendaji ulioandikwa kuwa mdogo unaweza kuja kutumika kama sababu ya kukunyima hilo daraja unalolidai.

Sasa chama. Hasira yako naielewa, na hiyo fulana ingenikera hata mimi. Kwa mshahara wa mfano wetu, asilimia 2 ni 23,200 kila mwezi, na mtu anayetoa kiasi hicho kwa miaka 28 anastahili katibu anayekaa ofisini. Lakini tusome sheria kabla ya kujitoa. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, mfanyakazi halazimishwi kuwa mwanachama, na anaweza kuondoa idhini yake ya kukatwa ada kwa kutoa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Hapo ndipo wengi husimama kusoma. Sheria hiyo hiyo inaruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kuingia makubaliano na mwajiri ili hata wasio wanachama wakatwe ada ya uwakala, kwa hoja kwamba nao wananufaika na majadiliano yanayofanywa na chama hicho. Kwa hiyo unaweza kujitoa, ukapoteza haki ya kupiga kura na ya kudai huduma, na salari slipu ikaendelea kuonyesha makato. Uliza kwanza kwa maandishi kama makubaliano ya namna hiyo yapo kwa mwajiri wako. Fedha ulizokwisha kukatwa ukiwa mwanachama usizitegemee kurudi, kwa kuwa ulizikubali kwa saini yako.

Mimi ningebaki hadi shauri hili liishe. Chama kina mtu anayejua njia ya kwenda kwa mkurugenzi na kina mwanasheria, nawe umevilipia vyote viwili. Umekwenda mara tatu kwa miguu. Mara ya nne nenda na barua, igongwe muhuri, na udai kujibiwa kwa maandishi ni hatua gani imechukuliwa juu ya daraja lako. Mwakilishi wa shuleni mwache, amekwisha kukueleza yuko upande gani. Wasipokujibu ndani ya mwezi mmoja, nakala ya barua hiyo ipeleke ngazi ya mkoa. Baada ya kulipwa haki yako, ukitaka kujitoa, jitoe ukiwa huna haja nao.

Wapo watakaokwambia uende mahakamani moja kwa moja. Usifuate hilo. Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka mtumishi amalize kwanza njia za ndani ya utumishi kabla ya kutumia njia za sheria za kazi, na shauri lililorukia ngazi hurudishwa, nawe huna miaka ya kuchezea.

Kikokotoo sitakilaumu wala kukitetea. Nitakupa mtiririko wake tu, maana unaogopa kitu ambacho hujakiona sura. Mifuko minne ya watumishi iliunganishwa kwa Sheria Na. 2 ya 2018 na PSSSF, mfuko mmoja wa hifadhi ya jamii kwa watumishi wa umma, ikaanza kazi Agosti 1 mwaka huo. Kanuni mpya zilipotoka zikiwa na mkupuo wa asilimia 25, watumishi walilalamika nchi nzima, na Desemba 2018 Rais Magufuli akaamuru zile za zamani ziendelee kwa kipindi cha mpito. Ndiyo maana mwenzako wa 2021 alilipwa kwa 1/540, nusu, na 15.5. Kwa mshahara wetu wa mfano na miezi 360, mkupuo wake ungekuwa 71,920,000 dhidi ya 43,200,000 za sasa. Hilo ni pengo kubwa na una haki ya kulilalamikia. Ila pensheni yake ya mwezi ingekuwa kama 386,667, dhidi ya 432,000 kwako. Mimi mwenyewe ningependa mkupuo ule wa zamani, nakiri, hata kama mke wangu husema kwamba ningeumaliza kwa kununua mashua. Lakini hofu ya kwamba watabadilisha tena haina hesabu ndani yake. Badiliko la karibuni limepandisha mkupuo, na huwezi kuiacha mishahara ya miaka 2 pamoja na daraja zima kwa kukimbia tangazo ambalo halijatolewa.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami nalitaja kwa kuwa limewaumiza watu wa rika lako. Kabla ya Julai 1, 1999 watumishi wa masharti ya pensheni hawakuwa wakichangia. Pensheni ililipwa na serikali yenyewe, na mfuko wa kuchangia ulianza tarehe hiyo. Wewe uliajiriwa Novemba 1997, kwa hiyo una miezi 20 isiyo na michango. Ukiomba taarifa ya michango yako na kuikuta inaanzia 1999, usishtuke, lakini pia usinyamaze. Ushahidi wa miezi hiyo ni barua ya ajira ya kwanza na ya kuthibitishwa, basi. Kwa mfano wetu miezi 20 peke yake ni 2,400,000 za mkupuo na 24,000 za kila mwezi. Kama barua hizo ziko ndani ya sanduku chini ya khanga, zitoe leo, zitolee vivuli vitatu, na kimoja kipeleke kwa dada yako anayekuhimiza ustaafu; angalau atakuwa na kazi ya kufanya.

Tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye jalada nayo ilinganishe na ile ya kitambulisho cha NIDA, pamoja na mpangilio wa majina. Herufi moja iliyozidi humchelewesha mstaafu kwa miezi, na kuirekebisha ukiwa kazini ni rahisi kuliko ukiwa nyumbani. Ukikaribia miezi 6 kabla ya tarehe yako, andika barua ya kukumbusha kustaafu kwa lazima, na humo humo uulizie gharama za kukusafirisha wewe, familia na mizigo kwenda nyumbani kwako, ambazo mwajiri hulipa na walimu wengi hudhani ni hisani.

Huyo bwana wa laki tatu ni kishoka. Usimpe hata nauli. Kinachomwezesha kuahidi ni kwamba daraja lako lina uwezekano wa kurekebishwa kwa njia ya kawaida. Likirekebishwa atasema ni yeye, na lisiporekebishwa humwoni tena. Ubaya zaidi ni kwamba mtu akitoa fedha ili mtumishi afanye kazi yake, mtoaji naye anaingia katika kosa la rushwa, na mwalimu aliyebakiza miaka 2 hana sababu ya kulala na jambo hilo. Akija tena mwambie umepeleka barua yenye muhuri. Akisisitiza, ofisi ya TAKUKURU iko hapo hapo mjini. Wala usimwonyeshe jirani salari slipu yako wala cheki namba, ile namba yako ya utumishi. Watu wa namna hii husubiri siku ya mkupuo kwa hamu kuliko mstaafu mwenyewe, na wenzao wa mikopo ya kausha damu wako nyuma yao.

Ile barua iliyo mkobani usiichane, kwa sababu najua utaandika nyingine siku ukikasirishwa tena. Mpe mume wako aiweke. Jumatatu omba ruhusa ya maandishi, uanzie TSC kabla ya saa nne asubuhi, ambapo mafoleni hayajajaa, kisha uende masjala ya halmashauri. Nakala ikishagongwa muhuri niandikie tarehe iliyomo, maana hiyo ndiyo tarehe tutakayoanzia kuhesabu siku za kujibiwa kwako.

Mzee wa Masjala